Usingizi wa Dukani

Mtu akifika umri wangu, na mimi sasa nina miaka sabini na minne, vitu viwili humkimbia bila kuaga: meno na usingizi. Meno nilikwisha kuyasamehe. Usingizi ndio uliniudhi, kwa sababu katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumhesabu mtu asiyelala usiku kuwa mgonjwa. Nilimhesabu kuwa ana deni, au ana wivu, au amekula vibaya.

Nyumba yangu iko Bwiru, juu kidogo ya ziwa, katikati ya yale mawe makubwa ambayo mgeni akiyaona mara ya kwanza huuliza ni nani aliyeyapanga. Usiku ninapokosa usingizi huketi barazani. Ukiwa usiku wa giza, yaani mwezi haupo, ziwa mbele yangu huwaka taa kana kwamba kuna mji mwingine umeota juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga. Mvuvi huielea taa yake majini, akasubiri, kisha akazungusha wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na upepo ukija upande wetu ulikuwa unazisikia zikivuma. Siku hizi wengi wanatumia taa za umeme wa jua, nyeupe, zisizo na sauti. Mbalamwezi ikishika, wavuvi hupumzika, maana dagaa hawaifuati taa ya mtu wakati mwezi wenyewe umewaka.

Nilianza kuketi pale mwaka 2021, baada ya kumzika mama watoto. Tulilala kitanda kimoja kwa miaka arobaini na sita. Watu waliniambia kuwa usingizi ungerudi baada ya arobaini, kisha wakasema baada ya mwaka. Mwaka ulipita. Nilikuwa ninalala saa tatu usiku kama kawaida yangu, na saa nane macho yangefunguka kama mlango uliosukumwa, basi, mpaka alfajiri.

Binti yetu wa pili yuko Minnesota, Marekani, ambako anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yake ni ya usiku. Aliposikia habari zangu alinipigia simu akasema, "Baba, kwa nini usiniambie mapema? Nitakutumia melatonini. Hata mimi ndiyo inayonilaza mchana." Mwaka 2023 chupa ilifika mikononi mwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani kwa likizo. Vidonge 120, kila kimoja miligramu 10. Maelezo yalikuwa nusu saa kabla ya kulala, kimoja.

Jina lile halikuwa geni kwangu. Mwaka 2018 mimi na mama watoto tulikwenda kwa binti huyo huyo kumwona mjukuu aliyezaliwa. Ilikuwa majira yao ya joto, na saa za kule zilikuwa nyuma ya zetu kwa saa nane. Mama watoto alilala kana kwamba yuko Bwiru. Mimi nilizunguka jikoni usiku kucha nikila mkate wa watu. Siku ya tatu binti akatupeleka katika duka kubwa, lile la kuuza kila kitu, na huko nikaona rafu nzima ya usingizi. Miligramu 1, miligramu 3, 5, 10. Vidonge vya kumeza, vya kuyeyuka chini ya ulimi, matone, na hata pipi za kutafuna zenye umbo la dubu. Hakuna mfamasia aliyesimama karibu. Mtu alichukua chupa yake akaitia kwenye kitoroli pamoja na sabuni na viazi. Mama watoto aliishika moja, akaigeuza chini juu, akasema, "Usingizi ukifika kuuzwa dukani, kesho watauza na ndoto." Akairudisha. Nami, kwa kumwonea haya, sikununua.

Safari hii hapakuwa na wa kumwonea haya. Nilimeza.

Sitasema haikufanya kitu. Usiku wa kwanza nilipata usingizi upesi kuliko nilivyozoea, nikaota ndoto nyingi zenye rangi, karibu zote za shuleni. Lakini saa nane macho yalifunguka vile vile. Tena asubuhi nilikuwa mzito, kichwa kimejaa pamba, na siku moja niliposhuka mteremko wa kwetu niliyumba, kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimekunywa. Mimi ambaye pombe niliiacha mwaka 1983! Hata hivyo niliendelea usiku ishirini na mbili. Mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu hujidanganya kirahisi.

Mwezi ule ulipoisha nilikwenda kliniki yangu ya shinikizo la damu. Mimi ni mgonjwa wa shinikizo tangu nilipokaribia kustaafu, na nimekuwa nikitumia nifedipini kwa muda mrefu. Kipimo changu kilikuwa kimetulia, 138 kwa 84 au karibu na hapo. Siku hiyo kilisoma 158 kwa 92. Daktari, kijana mwenye adabu, alipima mara ya pili akanitazama. "Mzee wangu, dawa unameza?" Nikasema ninameza. "Kuna kitu kingine chochote unachotumia? Mitishamba, dawa ya kifua, chochote?"

Nikasema hakuna.

Kwa nini nilisema hivyo, nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliona aibu kuonekana mzee anayelishwa vidonge na watoto wake wa ng'ambo. Au pengine nilidhani kitu kinachouzwa karibu na pipi si dawa, kwa hiyo hakikustahili kutajwa. Vyovyote vile, nilimdanganya mtu aliyekuwa ananisaidia, na kama angekuwa mwanafunzi amefanya hivyo mbele yangu ningemwita ofisini.

Jambo lilifumuliwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Leicester, Uingereza. Alinipigia simu ya kawaida ya kujuliana hali, nikamtajia chupa yangu kwa kujisifu kidogo. Akashtuka. "Mjomba, miligramu 10? Huku hiyo hupati bila cheti cha daktari, na wakikupa wanakupa miligramu 2." Nikamwambia asinitanie, maana kule kwa binti yangu watoto wanaitafuna kama pipi. Akasema hatanii.

Basi nilifanya ninalolijua. Nilitafuta daftari jipya la kaunta, nikapiga mistari, nikamwita mjukuu wangu anayesomea uuguzi, ambaye kutafuta habari kwenye simu kwake ni kama mimi kuchonga penseli, tukaanza kusoma. Yeye alitafuta na kunieleza Kiingereza cha kidaktari, nami niliandika. Ilituchukua jioni kadhaa.

Kwanza, kitu chenyewe. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mchele, iitwayo pineali. Giza linapoingia, tezi hiyo humwaga melatonini kwenye damu, alfajiri huacha. Mtu wa kwanza kuitenga na kuipa jina hilo alikuwa Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958. Hakuwa akitafuta usingizi hata kidogo. Alitafuta kitu kinachobadili rangi ya ngozi, na kile alichokipata kiliifanya ngozi ya chura iwe nyeupe zaidi. Alikikamua kutoka kwenye tezi za ng'ombe, maelfu kwa maelfu. Nilipoyasikia hayo nilicheka. Sisi huku Usukumani tumeishi na ng'ombe tangu babu na babu, tumewachinja, tumewatolea mahari, tumepika vichwa vyao supu, na usingizi wa dunia ulikuwa mle mle chunguni.

Melatonini, basi, haimpigi mtu rungu la kichwa kama vidonge vya usingizi tulivyovizoea. Ni tangazo tu. Huuambia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili jambo hili si gumu kulielewa. Saa yetu ya kwanza ya usiku huanza jua linapozama, na hapa Mwanza, karibu kabisa na ikweta, jua huzama karibu na saa moja mwaka mzima, na kuchomoza nusu saa hivi au pungufu kabla ya saa moja asubuhi. Giza letu halibadiliki. Kule kwa binti yangu, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi wa Juni linakuwa bado angani saa tatu usiku. Nafikiri ndiyo maana watu wa nchi zile walianza kuhangaika na tangazo hili kabla yetu.

Sasa kipimo. Huko Marekani, katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, mtaalamu Richard Wurtman na wenzake waligundua kuwa kiasi kidogo sana, miligramu 0.3, kinatosha kuifikisha damu katika kiwango ambacho tezi yenyewe hukifikia usiku. Mwaka 2001 walichapisha matokeo yao kwa watu wenye umri mkubwa waliokuwa na shida ya usingizi. Hiyo 0.3 ndiyo iliyowasaidia vizuri zaidi. Wale waliopewa miligramu 3 joto la mwili lilishuka, na dawa ilibaki ndani ya damu hata mchana. Sasa tufanye hesabu ya darasa la tano. Kumi gawanya kwa sifuri nukta tatu. Kidonge changu kimoja kilikuwa na zaidi ya mara thelathini na tatu ya kile kilichowafaa wazee wenzangu. Ile pamba ya asubuhi nikaielewa. Mwili wangu ulikuwa bado unatangaziwa usiku saa tatu asubuhi, jua linawaka.

Mbona basi wanauza 10? Hapa ndipo nchi zinapotofautiana, na kurasa za daftari langu zilijaa. Marekani bunge lao lilipitisha mwaka 1994 sheria ya virutubisho vya chakula, na kwa sheria hiyo melatonini iko upande wa vitamini, si upande wa dawa. Mtengenezaji halazimiki kuithibitishia serikali kwamba bidhaa yake inafaa kabla ya kuiweka rafuni. Canada nayo huiuza bila cheti, kama bidhaa asilia ya afya. Ulaya ni mchanganyiko. Kidonge cha miligramu 2 kinachoyeyuka polepole, Circadin, kilikubaliwa mwaka 2007 kuwa dawa ya cheti, kwa watu wenye miaka 55 na kuendelea, na kwa muda wa wiki chache. Papo hapo Italia huruhusu kirutubisho kisichozidi miligramu 1, na Ufaransa huruhusu chini ya miligramu 2. Uingereza ni cheti tu, kama mpwa wangu alivyosema. Australia walikuwa wakidai cheti mpaka Juni 2021, wakalegeza: mtu wa miaka 55 au zaidi anaweza kupewa ile ya miligramu 2 na mfamasia baada ya kuzungumza naye.

Fikiri, msomaji. Kitu kile kile, katika damu ya binadamu yule yule. Binti yangu akiivusha bahari chupa yake, inageuka kutoka vitamini kuwa dawa angani, bila yenyewe kujua. Mimi niliyefundisha uraia miaka mingi nilizoea kuwaambia watoto kuwa sheria hutokana na busara. Nilipaswa kuongeza kwamba hutokana pia na nani alikuwa na sauti bungeni siku hiyo.

Kulikuwa na jambo baya zaidi ya kipimo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Canada walichapisha uchunguzi wa bidhaa 31 za melatonini walizonunua madukani. Kiasi kilichokuwamo ndani kilitofautiana na kilichoandikwa nje, nyingine zikiwa pungufu kwa asilimia 83, na moja ikiwa imezidi kwa asilimia 478. Bidhaa nane zilikuwa na serotonini, ambayo haikuandikwa kabisa. Kwa hiyo hata ile 10 yangu sikuwa na hakika kama ni 10. Na zile pipi za dubu? Huko Marekani taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika kwenye vituo vya ushauri wa sumu zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021. Wengi hawakudhurika, lakini mama yeyote aliyewahi kuona mtoto wake haamki hatazitazama tarakimu hizo kama tarakimu.

Na faida yake ni kubwa kiasi gani? Uchunguzi uliojumlisha tafiti 19, mwaka 2013, ulikuta melatonini hufupisha muda wa kuusubiri usingizi kwa dakika saba hivi, na kuongeza usingizi kwa dakika nane. Dakika saba! Nilimwuliza mjukuu kama amesoma sawasawa. Akasoma tena. Kwa anayevuka bahari, saa zake zikapinduka, inasaidia zaidi, na kwa anayefanya kazi za usiku huenda ikamfaa. Lakini mjane wa Bwiru anayeamka saa nane hakuvuka bahari yoyote.

Nikafikiri labda nitafute kidonge kidogo zaidi hapa hapa mjini. Nilipanda daladala mpaka mjini kati nikaingia maduka matatu ya dawa. La kwanza muuzaji hakulijua jina, akanipendekezea Piritoni, kwamba "wazee wengi wanatumia, inalaza." Najua wanatumia. Piritoni ni ya mafua na mwasho, kulaza ni madhara yake, na kwa mtu wa umri wangu huweza kumchanganya akili na kumwangusha. Nilimshukuru nikatoka. La pili walisema hawana. La tatu alikuwapo mfamasia mwenyewe, mwanamke wa makamo, akainuka. "Shikamoo Mwalimu!" Nilimfundisha darasa la nne, au la tano, alikuwa na mwandiko mbaya sana, na nafurahi kwamba sasa anachapa. Naye hakuwa nayo. Nilimwonyesha chupa yangu. Aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kisha akauliza swali lile lile la daktari: "Mwalimu, unatumia dawa gani nyingine?"

Safari hii nilisema kweli. Nilipotaja nifedipini aliiweka chupa mezani. Akaniambia kuna uchunguzi uliofanyika Italia, ukachapishwa mwaka 2000, ambapo wagonjwa wa shinikizo waliokuwa wakitumia nifedipini walipewa miligramu 5 za melatonini kila usiku kwa wiki nne, na shinikizo lao likapanda badala ya kushuka. "Ile imewekwa hapa kama kirutubisho," akasema, "lakini mwilini haisomi lebo. Rudi kwa daktari wako, Mwalimu. Leo kama inawezekana."

Nilirudi kesho yake. Kumwambia daktari kijana kwamba nilimdanganya lilikuwa jambo zito kuliko nilivyotazamia. Hakunikemea. Alisema hawezi kuapa kuwa vidonge ndivyo vilivyolipandisha, kwa sababu kukesha kwenyewe hulipandisha, na chumvi pia, lakini tuviache tuone. Baada ya wiki tano kipimo kilisoma 140 kwa 86. Aliniuliza pia usiku ninafanya nini ninapoamka. Nikamweleza: ninawasha taa ya sebuleni, ninachukua simu, ninasoma ujumbe wa makundi ya wastaafu, kisha ninatoka barazani. Akatabasamu. Akaniambia kuwa nilikuwa ninameza giza kwa kidonge na kulifuta kwa taa.

Hilo nililikuta pia daftarini. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kuwa mwanga mkali usiku huizuia tezi ya binadamu kutoa melatonini. Tezi haiulizi kama ni jua, ni simu au ni karabai. Tangu siku hiyo simu yangu hulala jikoni. Asubuhi jua likichomoza hutembea mpaka chini ziwani bila kofia, na mchana sijinyooshi zaidi ya nusu saa. Siku nyingi bado huamka saa nane. Lakini sasa hukaa gizani, na mara nyingine alfajiri hunikuta nimesinzia kitini.

Ni kule kukaa gizani kulikonirudishia kijana mmoja, ambaye ningependa kumwita tu Mtoto wa Dagaa.

Mwaka 1986 ndio kwanza nimepewa ukuu wa shule, kijiji cha wavuvi, kando ya ziwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na fimbo mpya. Darasa la sita kulikuwa na mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyelala darasani. Si kusinzia, kulala, mate yakitoka, juu ya dawati. Nilimchapa. Nilimpa adhabu ya kufyeka. Siku moja nilimsimamisha mbele ya shule nzima wakati wa mstari nikamwita mvivu aliyezaliwa amechoka, na watoto wakacheka, jina likamganda. Nilikuwa na ushahidi, maana nilikuwa mtu wa kumbukumbu. Katika daftari langu la nidhamu nilikuwa nimeona kuwa alilala majuma mawili mfululizo, kisha majuma mengine mawili akawa macho na kujibu vizuri, hesabu hasa. Nikahitimisha kwamba anaweza akitaka, kwa hiyo ni ukaidi.

Majuma mawili na majuma mawili. Mwalimu mkuu mzima, ninaishi ufukweni, ninaziona taa kila usiku, sikuulinganisha ukurasa ule na mwezi. Alikuwa akivua na baba yake siku za giza. Usiku kucha macho yake yako kwenye karabai, tezi yake inaambiwa ni mchana. Asubuhi ninampigia kengele. Tena alikuwa anabalehe, umri ambao tezi yenyewe huchelewa kuanza kazi, hata kwa mtoto aliyelala kitandani. Aliacha shule kabla ya kufika la saba. Niliandika katika rejesta neno moja: mtoro.

Mwaka jana nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kutafuta dagaa wa kumpelekea dada yangu. Mtu mmoja mwenye mvi, mnene kidogo, mwenye kalamu sikioni na vijana wanne wakimbebea magunia, alinisimamisha akaniamkia kwa jina la ukoo. Sikumtambua. Alipojitaja, magoti yalinilegea. Alinikalisha juu ya gunia, akaniagizia chai. Ana mitumbwi mitatu, watoto wote wamesoma, mmoja ni mhandisi. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba yangu tangu barazani, lakini nilisema maneno machache tu: kwamba nilimkosea, na kwamba hakuwa mvivu.

Alicheka, cheko la heshima. "Mwalimu, viboko vya wakati ule nani alivihesabu? Mimi nilichokishika ni uji."

Nikamwuliza uji gani.

Akanitazama kwa mshangao. Alisema siku za giza, saa nne, wengine wakitoka mapumziko, mama watoto alikuwa akimwita kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya mwalimu mkuu. Alimpa uji wa mtama, akamtandikia gunia nyuma ya mlango wa jiko, akafunga dirisha ili pawe giza, akamwamsha kengele ilipolia. Zaidi ya mwaka mzima. "Alisema usijue," akasema. "Alisema wewe ni mtu wa rejesta."

Tuliishi miaka thelathini na mitano zaidi baada ya hapo na hakunitajia.

Yule bwana alikataa pesa yangu. Alinipimia kilo tano za dagaa wakavu, akanisindikiza mpaka barabarani, akamwambia kondakta anishushe mahali pazuri. Njiani nilijaribu kuikumbuka nyumba ile ya mwalimu mkuu: dirisha la jiko lilikuwa upande gani, na mlango ulifunguka kwa ndani au kwa nje. Nilifika Bwiru bado sijakumbuka. Chupa ya binti yangu iko kabatini, imebakiwa na vidonge tisini na nane, nami nimemwambia asitume nyingine.